Kisigino cha Yakub

Jumatatu, tarehe 16 Aprili 1984. Mvua ya masika ilikuwa imekataa kuja, na upepo wa vumbi ulivuma tangu asubuhi. Siku hiyo Jakubu Mbaabu, muuzaji wa miraa, alikuja mtaa wa Kiwanjani, mjini Isiolo, nyumbani kwa Yakub Jaldesa kuomba arudishiwe jina lake.

Yakub alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Zamani wawili hao waliitana wajina, kwa kuwa jina lao ni moja: la Yakub lilipitia msikitini, la Mbaabu likapitia kanisani na kuingia Kimeru likiwa Jakubu. Sukari ikiisha kwa mmoja, mwingine alimtumia.

Mwaka wa 1976 mjomba wake Yakub, mzee Guyo, alimtumia fahali kwa lori kutoka Merti awapande mitamba wake wachache. Huyo ndiye angemrudishia kundi la ng'ombe alilopoteza. Dereva alikuwa mgeni. Alipofika mtaa wa Chechelesi akauliza, "Yakub wa Isiolo ni nani?"

Mbaabu akasema, "Ni mimi."

Kabla ya adhuhuri fahali alikuwa kwenye ndoana za bucha.

Mbele ya wazee Mbaabu alitabasamu. "Niliulizwa jina, nikajibu jina. Nimedanganya wapi?"

Watu walicheka. Yakub alimtazama kila aliyecheka, akaenda zake. Mitamba walizeeka bila ndama, akawauza.

Januari ya 1984 alikuwa akinywa chai katika hoteli ya Asli, mtaani Wabera, naye katekista Kiugu akieleza majina.

"Yakobo ni la Kiebrania," Kiugu alisema. "Alizaliwa ameshika kisigino cha pacha wake. Alipokua akajifanya ndiye huyo ndugu, baba yao kipofu akampa baraka isiyo yake. Waarabu wakasema Yakub, Wagiriki Iakobos. Waingereza walilipinda mpaka likawa James! Limezunguka dunia, lakini kisigino bado kimo ndani."

"Mwalimu, rudia hapo pa kujifanya ndugu."

Kiugu akarudia. Yakub akacheka hadi chai ikamwagika.

Tangu hapo Mbaabu akawa Kisigino. Yakub alilipanda jina hilo sokoni na kwenye stendi, akalimwagilia kila siku. Wateja walishika vifurushi na kuuliza, "Kisigino, hii miraa ni yako ama ni ya wajina?"

Abiba, mke wa Yakub, alimwonya. "Baba Dokata, Yakub ni nabii. Tena ni jina lako. Unajichoma mwenyewe."

"Nabii simgusi. Namtaja mwizi."

Machi, mwana wa Mbaabu akapata mtoto wa kwanza, mvulana. Kwa desturi ya kwao alipaswa kupewa jina la babu, ili babu asife kabisa. Karimi, mama wa mtoto, akakataa. "Wangu hataitwa Kisigino hadi shuleni." Akampa jina la baba yake mwenyewe, Kaburu.

Ndiyo maana Mbaabu alikuja. Yakub hakumpa kiti.

"Wajina, waambie waache. Nitakuletea mafahali wawili."

"Wangu alikuwa mmoja. Na ndama ambao angezaa, umewala pia. Utawatapika?"

"Lakini wewe pia ni Yakub! Wakiniita Kisigino, wanakuita wewe!"

"Mimi nimeliacha. Jaldesa, jina la baba yangu, linanitosha. Hilo la Yakub chukua, ulilitaka sana."

"Mjukuu wangu, wajina..."

"Ulipokula fahali, uliuliza habari za wajukuu wangu?"

Mbaabu aliondoka akikokota viatu. Yakub alimsindikiza kwa macho mpaka vumbi likamfunika, na usiku huo, Abiba anasema, alilala fofofo.

Asubuhi iliyofuata Yakub alikuwa kwenye soko la mbuzi. Lori la Merti likasimama, dereva akatoa kichwa dirishani.

"Yakub yuko hapa? Nina ujumbe wa mjomba wake Guyo. Mzee ni mgonjwa, anamwita!"

Wachuuzi wote wakamgeukia. Yeye akainama, akakaza kamba shingoni mwa mbuzi, na hakuinuka mpaka lori lilipoondoka.