Maji ya Moto ya Mama

Kaka yangu anaitwa Koili, na hata mama aliyemzaa keshasahau kumwita vingine. Ni fundi wa kusuka upya koili, zile nyaya za ndani ya mota zilizoungua: pampu za maji, mashine za kusaga, feni za watu wasiojua kuzima. Karakana yetu ni chumba kimoja. Nyuma kuna tanuri la kukaushia nyaya zilizopakwa vanishi, mbele nakaa mimi, napokea kazi na kugombana na wateja. Kugombana ndiyo fani yangu. Yeye maneno hana, ana vidole.

Basi miguu ikaanza kumsaliti. Kwanza ganzi kwenye nyayo, halafu jicho moja likaingia ukungu na kurudi, halafu akawa anatembea kwa kushika ukuta. Majirani wakasema amekuwa mlevi. Niliwapa vidonge vyao, wakanyamaza, lakini miguu haikusikia matusi yangu.

Mama hakulia, alipasha maji. Ujana wake wote aliumalizia jikoni kwenye shule ya bweni, sufuria inayotokota anaiepua kwa mikono mitupu, na kwake hakuna ugonjwa unaokataa kukandwa. Kila jioni Koili akitoka kazini anakalishwa kitini, miguu kwenye beseni, taulo la moto kiunoni. Na kila jioni akishakandwa hawezi kusimama. Tunambeba mimi na mama hadi kitandani, mwanaume mzima, anacheka kwa aibu. Mama anasema maradhi yanatoka hayo, lazima yapigane kwanza. Asubuhi anaamka na nafuu kidogo, mama anafurahi, na jioni maji yanazidishwa moto.

Siku moja namvua soksi, nikakuta malengelenge mguu mzima, ngozi imebabuka, na yeye ananisimulia habari za pampu ya mteja. Nikamuuliza kama haumii. Akautazama mguu ule kama wa mtu mwingine. Kesho yake nikamburuta hospitali, mama nyuma yetu na kanga yake mdomoni.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, akatuonyesha picha za ubongo zenye madoa meupe. Akasema watu wanadhani ubongo ni neva tupu, kumbe neva zina wahudumu wake, seli za glia. Zipo zinazolisha, zipo zinazosafisha uchafu, zipo zinazoivika neva gamba la mafuta ili ujumbe upite upesi. Kinga ya mwili wa Koili imegeuka, inalishambulia gamba hilo na seli zinazolitengeneza, na wale wasafishaji nao wanachochea moto badala ya kuuzima. Neva iliyovuliwa gamba haipendi joto. Mwili ukichemka, ujumbe unakatika njiani, ndiyo maana hainuki kitini.

Mama akaishusha kanga mdomoni. Kisha akasema, "Mimi nimempika mwanangu."

Daktari akamshika mkono, akamweleza kwamba joto linamlegeza kwa muda tu, gamba haliliwi na maji. Ubaya ulikuwa ule wa kumbabua ngozi. Mama aliitikia kwa kichwa, ila mimi namjua, hakuna kilichoingia.

Koili akauliza swali moja tu. Yeye waya ukichubuka anautoa wote, anasuka upya. Je, huku?

"Huku hatuwezi kusuka," daktari akamjibu. Glia zenyewe hujaribu kuvika upya, akasema, na mara nyingine huweza, lakini kwake zimechoka. Kuna dawa ya kupunguza mashambulizi yanayokuja. Kilichokwisha kufa hairudishi. Na hiyo dawa yenyewe haikuwepo, imeagizwa, tusubiri.

Tukasubiri. Nilimtoa Koili karibu na tanuri, nikamtengea meza mlangoni penye upepo. Mama akamwaga maji ya moto, akaanza kumkanda kwa maji baridi, na kweli kaka akawa anasimama mwenyewe, anatembea hadi mlangoni na kurudi. Alichotaka duniani ni hicho tu, miguu yake. Kwa muda nikaacha kugombana na watu. Mimi!

Dawa haikuja. Nilienda duka la dawa la hospitali mpaka mlinzi akanichoka, nikapayuka, nikaomba, nikalia mbele za watu bila haya. Likaja shambulio jingine. Akaamka asubuhi miguu imekuwa mizigo, nikamkuta anajipiga mapaja kwa ngumi.

Jioni ile mama akapiga magoti kama kawaida, beseni la maji baridi mbele yake. Koili alikuwa ameegemeza kichwa kitini, macho kayafumba.

"Hapo hapo, mama," akasema. "Leo nausikia ubaridi vizuri kabisa."

Taulo lilikuwa bado mikononi mwa mama, analikamua, maji yanachuruzikia beseni. Hakuwa amemgusa. Akanitazama, na mimi mwenye mdomo wa kuamsha mtaa nikauwekea kidole.

Mama akalikunjua taulo, akalilaza juu ya mguu wa Koili taratibu, akalibana kwa viganja vyote viwili.

"Haya, baba," akamwambia. "Likianza kupata joto uniambie, nibadilishe."