Bibi Harusi Amekataa Kompyuta

Jamani, wacheni niwaambie. Juzi nilikuwa pale stage ya Kawangware 56, kwa ile duka imeleta kompyuta, nangoja photocopy ya kitambulisho. Akaingia kijana wa suti na msichana amemshika mkono kama askari ameshika mwizi.

"Ile kadi ya harusi ulinichapia," kijana akanong'ona, "badilisha tu jina ya bibi harusi."

Sisi wote kwa laini tukasogea karibu tusikie.

"Hiyo hata si kazi," dada wa kompyuta akasema na maringo. "Zamani ningeanza kadi yote upya. Sasa naandika jina ya zamani hapa, mpya hapa, nafinya, inabadilisha kila mahali."

Akafinya. Bibi harusi wa kwanza akapotea kwa kioo ya kompyuta kama hajawahi kuzaliwa. Nilicheka mpaka nikashika meza!

Lakini huyu mpya hakucheka. Aliangalia ile kidude ya kufinya, akaangalia bwana yake. "Na siku yangu ikifika, utamwambia afinye tu hivyo?"

"Mpenzi, hii ni mashine tu."

"Twende kwa yule mama wa taipureta. Yake haifutiki haraka."

Wakaenda hapo duka ya kando. Nikawafuata, ningekosaje? Msichana alikaa karibu na mama, akaonyesha karatasi na kidole: "Mama, hapo kwa jina yangu, gonga na nguvu."

Nilifika nyumbani nikatoa cheti yetu ya ndoa chini ya godoro. Pasta aliandika jina yangu na kalamu, akafinya mpaka karatasi ikatoboka. Wacha mzee wangu ajaribu kufuta hiyo!