Siku Mwalimu Ekiru Alipojibadilishia Oili

Siku yangu ya kwanza kazini, fomani wa karakana pale Lodwar hakunipa hata spana. Alinionyesha beseni la oili nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye lori, akaniambia, "Chovya vidole, sugua. Ukisikia chembe za chuma, niite." Nilisugua mwezi mzima. Gauni nililoshonewa kwa ajili ya kazi hiyo halikutakata tena.

Baadaye nilihamishiwa Lokichoggio kutengeneza malori yaliyovuka mpaka wa Nadapal kwenda Sudan, kisha Kakuma, kwenye karakana ya shirika la misaada katika kambi ya wakimbizi. Mkuu wa magari pale alikuwa mtu wa kelele.

"Mama Akai, gari linatoka saa mbili!"

"Litatoka oili ikishachuruzika yote," nilimjibu.

Oili humwagwa injini ikiwa na joto kiasi, gari likiwa mahali tambarare. Halafu unafungua filta, lile kopo dogo linalochuja uchafu, na kuhakikisha mpira wake wa duara haukubaki umeng'ang'ania injini. Ukifunga filta mpya juu ya mpira wa zamani, mipira miwili haishikani, na oili itafyatuka nje. Nimelisema hilo kwa madereva wangapi! Koo lilikauka.

Sasa nimestaafu, naishi Nawoitorong, nje kidogo ya Lodwar. Jirani yangu, Mwalimu Ekiru, alinunua gari, akaamua kulifanyia sevisi mwenyewe uani. Nikamwambia, "Mwalimu, ngoja nije nitazame."

"Mama, pumzika. Siku hizi kila kitu kiko kwa simu."

Haya. Nikapumzika.

Asubuhi iliyofuata alikuwa anampeleka binti yake Akiru Kakuma kwa usaili wa kazi ya uuguzi. Nami nilikuwa na ndugu wa kumwona huko, nikaomba lifti. Tulikuwa tumekwenda zaidi ya nusu ya safari nilipoona taa nyekundu ya oili imewaka.

"Simamisha gari, Mwalimu!"

"Hiyo huwaka tu. Kakuma ni hapo mbele."

"Simamisha!"

Akaongeza mwendo. Nikanyoosha mkono, nikazima injini mwenyewe. Tuliserereka mpaka kando ya barabara, naye akaruka nje akifoka, "Umemharibia mtoto wangu kazi!" Akiru alikuwa analia. Usaili ulikuwa saa nne.

Niliingia chini ya gari na nguo zangu za safari. Oili ilikuwa imetapakaa kila mahali. Nikafunga kanga mkononi, nikaizungusha filta, nikabandua mpira wa zamani. Nikamwonyesha Mwalimu.

Pikapu ikasimama. Alikuwa Deng, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini ninayemfahamu tangu miaka yangu ya kambini.

"Mama Akai! Bado unalala chini ya magari?"

"Mchukue huyu msichana, Deng. Saa nne imkute Kakuma. Na kama una oili, nipe."

Alikuwa nayo, ya kupeleka dukani kwake. Akatuachia galoni, akaondoka na Akiru. Tukafunga filta, tukajaza, tukapima kwa kijiti. Nikamwambia Mwalimu awashe. Injini ikanguruma vizuri. Dakika chache zaidi za ubishi wake, ingekuwa chuma chakavu.

Akiru aliwahi, akapata kazi.

Sisemi watu wasijibadilishie oili nyumbani. Wabadilishe! Si kazi ya uchawi. Kinachonichosha ni mtu kudhani kwamba kwa kuwa jambo ni rahisi, halina haja ya kutazamwa mara mbili. Nimefanya kazi hii mpaka magoti yakagoma, na bado natazama mara mbili.

Jumamosi iliyopita Mwalimu alibadilisha tena, akanipigia hodi. "Mama, njoo ukague." Nilitandika gunia, nikalala chini ya gari lake. Nikapapasa nati, filta, kila mahali. Pakavu. Nilitafuta kosa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, naye amechuchumaa kando kama mwanafunzi.

"Vipi, mama?"

"Liwashe," nikasema, nikabaki nimelala palepale nisije nikaonekana natabasamu.