Mwanasha na Spika za Nyuma ya Pazia

Kwa miaka ishirini Mwanasha wa Waa alihudhuria maulidi nyuma ya pazia, katika chumba cha wanawake kilichoungana na ukumbi wa madrasa, na hakupata kuyasikia mawaidha hata mara moja. Waliosikia ni wanaume. Sisi tuliletewa mvumo. Spika za ukumbini zilinguruma, ukuta ukatetemeka, na shekhe akawa kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Nasema sisi kwa sababu mimi, Twaiba, nilikaa ubavuni mwa Mwanasha miaka yote hiyo, na mvumo ule naujua.

Hakuwa mtu wa kunyamaza. Asubuhi alisomesha wasichana Kurani, jioni aliuza viazi vya karai kando ya barabara ya Likoni, na kila mnunuzi alipewa viazi pamoja na maoni. Kila mwaka alimwambia Kibwana, mwenyekiti wa kamati ya maulidi, kwamba wanawake hawasikii. Kila mwaka Kibwana alijibu, "Tutaongeza sauti." Wakaiongeza kweli, na mvumo ukazidi.

Mwaka 1998, Feisal, mzaliwa wa Waa aliyefanikiwa kwa biashara Mombasa, alisema atainunulia madrasa spika mpya, zozote zitakazochaguliwa kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki katika hoteli moja ya Diani. Alikuja na gari kumchukua mwenyekiti. Kibwana alipofungua mlango, alimkuta Mwanasha ameshaketi kiti cha nyuma, nami kando yake.

"Dada Mwanasha, hii ni safari ya kamati."

"Nyinyi mmebeba kamati, mimi nimebeba masikio. Twendeni, jua linapanda."

Feisal alicheka, akamwamkia shikamoo, akawasha gari.

Chumba cha maonyesho kilikuwa na zulia na kiti kimoja tu. Mwenye spika, bwana Ndolo kutoka Nairobi, alikuwa amebandika alama zuliani kuonyesha kiti kisimame wapi. Ukisogea hatua mbili, alisema, umeharibu kila kitu. Tulikikalia kwa zamu.

Jozi ya kwanza zilikuwa nyeusi, zinang'aa, ndefu kama milango. Zikapiga piano, na sitaficha, zilikuwa tamu. Besi ilituingia kifuani ikakaa. Jozi ya pili zilikuwa na midomo iliyopanuka kama tarumbeta, nazo zilitutia ganzi la meno. Jozi ya tatu zilikuwa nyembamba, za mbao tupu, sauti yake ya taratibu, hazina la kumvuta mtu.

"Hizi zinaogopa nini?" Kibwana aliuliza, akarudi kuzipapasa zile nyeusi.

Mwanasha alimwomba Feisal kanda ya mawaidha iliyokuwa garini mwake, ambayo yeye Mwanasha hakuwahi kuisikia. Ndolo alipoiona akashtuka.

"Mama, hapa tunacheza CD pekee. Kanda itatuharibia shoo."

Feisal alimtazama tu, na kanda ikawekwa. Hapo Mwanasha akainuka, akatoka mpaka kwenye ushoroba, akavuta pazia la mlango nyuma yake na kuketi sakafuni, pale wahudumu wanapopita na sinia.

"Mama, place ya kusikiliza ni hapa!" Ndolo alipiga kelele. "Huko utamisi kila kitu!"

"Pako ni hapo," sauti yake ikajibu. "Pangu ni huku."

Spika nyeusi zikaanza. "Mvumo!" Mwanasha akaita. Zikafuata zile za midomo. "Kelele!" Zilipowashwa zile nyembamba hatukusikia neno kutoka kwake, na Kibwana akatabasamu. Kisha sauti ya Mwanasha ikaanza kuyafuata mawaidha, sentensi kwa sentensi, kama wasichana wake wanavyomfuatisha chuoni. Shekhe akitaja haki ya jirani, naye anaitaja. Shekhe akitaja haki ya mgonjwa, naye anaitaja. Hakuangusha hata neno moja. Nilitaka kupiga kigelegele, lakini palikuwa hotelini.

"Sawa," Kibwana alisema alipochoka kumsikiliza. "Lakini wageni wetu wanakaa mbele, na hizi nyeusi zina heshima yake. Huko nyuma tutaongeza sauti."

Mwanasha alilifunua pazia kwa mkono mmoja.

"Mwenyekiti, njoo ukae hapa dakika tano. Ukisikia neno moja tu kutoka kwa hizo nyeusi, sitasema tena habari ya spika mpaka nife."

"Mwenyekiti haketi sakafuni."

"Sisi tunaketi."

Hasira zilinipanda hadi nikatamani kumvua ile kofia yake. Aliyeinuka ni Feisal. Alitoka, akakunja suruali yake nzuri, akaketi sakafuni kando ya Mwanasha, na zile nyeusi zikapigwa tena. Aliporudi ndani, uso wake haukuwa ule aliotoka nao.

"Kila mwaka namuuliza mamangu mawaidha yalikuwaje," alisema polepole. "Huniambia yalikuwa mazuri sana."

"Na ulitaka akuambie nini, mwanangu?" Mwanasha alimwuliza. "Kwamba uliko wewe kuna maneno, na aliko yeye hakuna?"

Zilinunuliwa zile nyembamba. Kurudi, tulipoipita Ukunda, Kibwana alianza kuilaumu barabara.

Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, ulipoingia, Mwanasha alizipanga spika ukumbini kwa mikono yake. Kibwana alimwambia aachie wanaume kazi hiyo, naye akajifanya hasikii, jambo alilokuwa na haki nalo baada ya miaka ishirini ya mvumo. Shekhe mgeni akapanda, akaanza kueleza haki za mume kwa mkewe. Ya kwanza tuliisikia. Ya pili tuliisikia. Tulizisikia zote, mpaka ya kumi na moja, na chumba chetu kilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kukiona. Mama yake Feisal, Bi Mwanaima, mwenye miaka sabini na ushei, alikuwa amenyoosha shingo. Kisha akaita kupitia pazia, kwa adabu na kwa sauti kubwa:

"Shekhe, samahani. Za mume tumezisikia. Za mke unazitaja saa ngapi?"

Ukumbini viti vikalia, watu wakageuka. Haikuwahi kutoka sauti ya kuuliza upande wetu. Mwanasha alikunja mikono, akaegemea ukuta, hakumtazama mtu. Zile spika nyembamba zikatuletea kila kitu: shekhe akikohoa, shekhe akimeza mate, shekhe akifunua ukurasa, kisha sauti yake, kila neno mahali pake: "Haki ya kwanza ya mke kwa mumewe..."