Besi ya Mzee Mutuma

Mwaka ule wa korona, kanisa lilipofungwa, mwalimu Kaimenyi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kutunga wimbo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefundisha kwaya, huko nje kidogo ya Nkubu, nyimbo za watu wengine. Huu ulikuwa wake, na hakuwahi kuusikia mzima. Akanakili noti za solfa nyuma ya kalenda kuukuu, akawasambazia waimbaji nyumba kwa nyumba, barakoa imempanda hadi machoni.

Wakapatana hivi: kila jioni saa kumi na moja angetoka matembezi, na kila mmoja angeimba sauti yake akiwa kwake. Mkewe Karimi alimwanzishia sauti ya pili jikoni, akichambua mboga. Kule juu, Kathure alimshushia ya kwanza kutoka kwenye shamba la majani chai. Mwirigi aliimba ya tatu akikama ng'ombe. Kaimenyi alizibeba zote kichwani, akizipanga moja juu ya nyingine, ukungu ukitambaa migombani, hata asijue kama yuko njiani au ndotoni.

Mwisho lilikuwa geti la mzee Mutuma, mwenye besi. Getini Mutuma alikuwa amechora simba kwa mkono wake mwenyewe, simba mwenye macho ya ng'ombe, na kijiji kizima kilimcheka. Hapo ndipo wimbo ulipotimia.

Jioni moja besi haikuja. Mutuma alikuwa amechukuliwa na gari la hospitali, pumzi zimembana.

Kaimenyi aliogopa. Tuseme ukweli, aliuogopea na wimbo wake pia, akajionea haya. Lakini kupita geti lile hivi hivi kulimshinda. Akasimama, akainua mkono, akaiongoza besi isiyokuwepo, ubeti kwa ubeti, mbele ya simba. Kesho yake vilevile. Wiki tatu nzima. Wapita njia wakasema mwalimu korona imempanda kichwani. Naye kwa kumtazama simba kila siku akaona kumbe yale macho hayakukosewa. Mutuma alikuwa amechora mnyama asiyetaka kumla mtu. Akampenda simba yule.

Wiki ya nne, katikati ya ubeti wa pili, mtu akakohoa nyuma ya geti. Kisha besi ikaingia, imechoka, inakwaruza, lakini imeingia pale pale ilipotakiwa. Mkono wa Kaimenyi haukusimama. Sauti zote nne zilikuwa kichwani mwake, na machozi yalikuwa yakiingia ndani ya barakoa.

"Mzee! Ulirudi lini?"

"Jumatatu. Daktari alisema nisiimbe kwanza. Nimekuwa nikikuona tu hapa kwa shimo la geti." Akavuta hewa. "Lakini leo umekimbiza mkono, mwalimu. Hebu rudia. Enda pole pole, pumzi bado natafuta."

Kaimenyi akainua mkono, akasubiri mpaka aliposikia Mutuma amevuta pumzi, ndipo akaushusha.