Kijani Alichokoroga Peke Yake

Ko, ko. Kijiti kiligonga mdomo wa kopo mara mbili. Kwa miaka ishirini na nane, sauti hiyo ndiyo iliyomjulisha fundi wa rangi kwamba rangi imekubali, abebe kopo aende kazini. Aliyegonga alikuwa mkewe, uani, kanga imefungwa kiunoni, mikono imejaa madoa.

Wateja walimwita Fundi Jicho. Walisema akilitazama pazia lako tu anajua ukuta unataka nini. Hawakujua kwamba fundi wao tangu azaliwe haoni tofauti ya kijani na nyekundu. Mkewe aliligundua hilo mwezi wa pili wa ndoa, alipomtuma nyanya zilizoiva naye akarudi na kilo mbili za nyanya mbichi, uso umejaa ushindi. Siku hiyo mke alizipika hivyo hivyo. Kesho yake alitoka uani, akamnyang'anya kijiti, akaanza kukoroga. Tangu hapo mkono ukawa wa mume, jicho la mke, na siri ikawa ya wote wawili.

Chumba chao cha kulia hakikuwahi kuguswa. Kuta zilikuwa na rangi ya mwenye nyumba wa kwanza, iliyobanduka kama ngozi ya mgonjwa. "Fundi," mkewe alikuwa akimtania wakila, "na mimi niandike kwenye foleni. Nitasubiri zamu yangu."

Binti yao alipojifungua, mama akaenda kumuuguza kwa siku kumi. Fundi akaona zamu imefika. Alitaka kitu kimoja tu: mkewe aingie, avute kiti, akae, asiulizwe aongeze nini wala apunguze nini. Awe na ukuta mmoja ambao hakuutolea jasho.

Alihamisha kabati la vyombo, akashusha saa, akaziba nyufa, akapiga msasa mpaka kiganja kikateleza ukutani bila kukwama popote. Hapo hakuhitaji macho ya mtu. Kisha akanunua rangi nyeupe na vichupa viwili vya kukolezea, kimoja cha kijani na kimoja cha nyekundu, akasoma maandishi mara mbili mbili asije akakosea. Alitaka kijani. Akakumbuka maneno ya mkewe: kijani kitupu kinapiga kelele, kitulize kwa nyekundu kidogo. Akatia kijani, kisha matone machache ya nyekundu. Akakoroga. Hakuona kilichobadilika. Akatia tena. Akaendelea hivyo kwa subira, mpaka rangi ikapoa, ikaingia kivuli kidogo kama zile alizozoea kupokea. Akaridhika. Akapaka mkono wa kwanza, ukakauka, akapaka wa pili.

Siku ya kumi, mchana, jirani yao seremala, aliyeitwa Mzee Randa, alileta meza aliyoipiga vanishi upya.

"Hodi! Fungua mlango wote, Fundi, meza hii ina makalio mapana kuliko yangu!"

Wakaiingiza kwa ubavu. Mzee Randa akainua kichwa, akaacha mguu wa meza uanguke.

"Makubwa! Hii rangi umeitoa wapi?"

"Kwani ina nini?"

"Haina neno. Kahawia imekolea kweli, kama kiatu cha askari. Shemeji ndiye aliyeichagua?"

Fundi aliinama kuuweka sawa mguu wa meza, ingawa ulikuwa sawa.

"Nimechagua mwenyewe."

"Basi wewe kweli Jicho. Mimi ningeogopa."

Alipobaki peke yake, alikaa. Mkewe alikwishapiga simu kwamba yuko njiani, atafika baada ya nusu saa, na nusu saa haitoshi kupaka hata ukuta mmoja. Uongo ulikuwa rahisi. Angesema alitaka kahawia, basi. Watu wengi wanapaka kahawia. Mke angefurahi, na yeye angekuwa amempa zawadi kamili. Akalirudia neno hilo mdomoni, kahawia, kahawia, likawa jepesi.

Mkewe aliingia na mkoba begani. Akasimama mlangoni. Akazitazama kuta zote nne, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Kahawia," akasema. "Ulitaka kahawia, baba?"

Neno alilokuwa nalo tayari halikutoka.

"Kijani."

Mkoba ukashuka sakafuni. "Ukatia nyekundu?"

"Kidogo. Haikuonekana. Nikatia tena."

Mkewe akaziba mdomo kwa kiganja, lakini mabega yalimsaliti. Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, na fundi naye, bila kupenda, akacheka. Kisha kicheko kikaisha chenyewe. Mama akavuta kiti, akakaa karibu na mumewe, penye kona. Akapitisha kidole pale ukuta ulipokutana na ukuta kwa mstari ulionyooka kama uzi.

"Kesho napaka upya," fundi akasema. "Utanikorogea."

"Ngoja kwanza." Mkewe bado alikuwa akitazama mbele. "Miaka yote hii mimi ndiye ninayekwambia kilichoko ukutani. Sijakuuliza hata siku moja. Wewe hapo unaona nini?"

Alikuwa hajawahi kuulizwa na mtu. Aliutazama ukuta mrefu, wa upande wa dirishani, akaukodolea macho kama mtu anayesoma barua. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, mkewe akainamisha kichwa ili aipate.

"Mahindi machanga. Mvua imekatika sasa hivi."