Bunduki Iliyozoea Mchanga

Mlinzi wa msitu wa Kigwena huipanguza bunduki yake ya zamani kila alfajiri, taratibu, kama anamnawisha mtoto uso. Kidole gumba kimejichimbia kishimo kwenye kitako cha mti. Juzi mkuu wake alimletea mpya, nyepesi, yenye darubini. Aliipokea kwa mikono miwili, akashuka na bunduki zote mbili hadi ziwani, mkuu akimfuata, akaichovya ile mpya kwenye maji na mchanga, akafyatua hewani. Haikulia. Akaichovya ya zamani vilevile, akafyatua, ikalia, ndege wakatawanyika. “Shefu, kiboko haiwezi kuningoja nipanguze muchanga,” alisema kwa upole. “Murakoze, asante, mimi nabakia na yangu.” Mkuu akanuna. Lakini walipofika penye matete na kukuta nyayo mbichi za kiboko, mkuu ndiye aliyemwomba mlinzi atangulie.